Tochi inadanganya? Jibu kwa kaka wa Noah aliyepigwa 71

Kaka mmoja kaniandikia, nafupisha maana meseji yenyewe ilikuwa ndefu na ina hasira: "Mtaalamu, nilikuwa natoka Moro naenda Singida na familia, Noah. Nimeona kibao cha 50 nikatoa mguu kwenye mafuta palepale, napita kwa trafiki mshale uko 50, wife shahidi. Kilomita mbili mbele nasimamishwa, naambiwa nimepigwa tochi 71, naonyeshwa picha kwenye simu ya afande, sio kwenye mashine, na picha yenyewe ina ukungu. Nikalipa 30,000 nikaondoka ila roho inaniuma mpaka leo. Hivi hizi tochi zinaaminika au tunapigwa? Na zinakaguliwaje?"

Pole kaka. Nimesoma mara tatu na kuna sentensi moja umeiandika bila kujua kwamba ndo inabeba kesi yote, nitaifikia. Kwanza nikwambie mimi ni mtu wa vipimo, miaka mingi nimeshinda na mizani na pampu za mafuta, na ukikaa sana na vipimo unajifunza kwamba kifaa kibovu na kifaa kizuri kilichoelekezwa sipo vinatoa matatizo yanayofanana kabisa kwa mteja, ila dawa yake ni tofauti. Mzani wa sokoni una springi, springi inachoka, unakuta kilo imekuwa gramu mia tisa. Tochi haina springi. Tochi ya leza ndani yake kuna saa tu, saa ya kioo cha kwazi kama ile ya mkononi ila ya kasi zaidi, na saa ya namna hiyo kukosea asilimia hata moja ni kazi. Betri ikiisha haikuongezei spidi, inazima au inagoma kusoma. Kwa hiyo ukiniuliza kama tochi inabuni namba kutoka hewani nakujibu ni mara chache sana. Inachokosea mara nyingi ni hiyo namba ni ya nani, na aliipata akiwa wapi.

Hebu uone inavyofanya kazi, nikikuruka hapa huku mbele hutanielewa.

Ukiona mashine ina macho mawili ya kioo kama darubini, hiyo ni leza. Inatuma vimwanga vifupi mfululizo, kila kimoja kinaenda kinagonga gari kinarudi, mashine inahesabu muda. Gari likiwa mita 300 safari ya kwenda na kurudi inachukua kama sehemu mbili za milioni za sekunde, basi. Inapiga hivyo vimwanga vingi ndani ya theluthi moja ya sekunde hivi, inaona umbali unapungua kwa kiasi gani, inatoa spidi. Gari la 71 linakula karibu mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya hiyo theluthi limesogea mita sita na kitu, la 50 limesogea kama nne na nusu. Tofauti ya karibu mita mbili, na mashine ya kupima sentimita, haiwezi kuchanganya hayo mawili. Mwali wake ni mwembamba, kwa mita 300 haufiki mita moja upana, yaani unaingia kwenye uso wa Noah yako na nafasi inabaki.

Ukiona mashine uso wake ni plastiki la duara, imekaa kama kile kikaushio cha saluni, hiyo ni rada, na hapo stori inabadilika. Rada inatuma mawimbi, yakigonga kitu kinachokuja yanarudi yamebanwa kidogo, kama ving'ora vya ambulensi vinavyopanda sauti ikija na kushuka ikishapita, jambo alilolieleza Christian Doppler mwaka 1842 huko kabla hata gari halijazaliwa. Rada za kawaida za gigahezi 24 kila kilomita moja ya spidi inaleta mtikisiko wa kama 45 kwa sekunde, mashine inahesabu tu inagawanya. Shida ya rada ni mwali. Unafunguka kama tochi ya kawaida ya kumulikia, nyuzi kumi na mbili hivi, kwa hiyo ukifika mita 300 una upana wa mita sitini. Mita sitini kaka! Hapo kuna wewe, kuna bodaboda, kuna basi nyuma yako linataka kukuovateki, kuna fuso upande wa pili. Mashine inachukua anayerudisha mawimbi kwa nguvu zaidi, na basi lina uso mkubwa kama ukuta, linarudisha kuliko wewe hata kama liko nyuma yako. Afande anaona 71, anaangalia barabarani anaona Noah ndo ya kwanza. Namba ni ya kweli, mwenyewe ni mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza, nyuma yako kulikuwa na nini? Kama kulikuwa na basi linakusukuma na mashine ilikuwa ya plastiki, una hoja. Kama ulikuwa peke yako, hiyo hoja iache.

Watu wanapenda kutaja ile ya Miami, Marekani, mwaka 1979, mwandishi wa televisheni aliwaonyesha watu rada ya polisi ikisoma mti unakwenda maili 86 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 138, na nyumba inakwenda maili 28. Jaji Alfred Nesbitt akasikiliza wataalamu siku kadhaa akakataa vipimo vya rada kwenye zile kesi zilizokuwa mbele yake. Watu wanacheka mti kukimbia ila rada haikuwa imeona mti, ilikuwa inaokota kitu kingine, feni, redio, gari la mbali, mti ndo ulikuwa umeelekezewa tu. Baada ya hapo serikali yao ikaingia kwenye kuzipima upya na kuweka viwango, kwa hiyo ukiniletea stori ya mti wa Miami kama ushahidi dhidi ya mashine ya leo nitakuambia ni sawa na kukataa simu ya leo kwa sababu ya simu ya mezani ya babu. Lakini somo la mwali mpana liko palepale, fizikia haijabadilika.

Haya, leza nayo haina dhambi? Inayo moja, kuteleza. Afande ameishika mkononi, mkono unatikisika. Akianza kupima mwali uko kwenye kioo chako cha mbele halafu ukateremka mpaka kwenye namba za gari, mashine inaona kitu kimesogea karibu zaidi ya gari lilivyosogea, maana namba iko mbele ya kioo. Kwenye Noah kutoka kioo mpaka namba tuseme sentimita 80. Gawa kwa theluthi ya sekunde, unapata mita mbili na nusu hivi kwa sekunde, yaani kilomita kama 9 za bure juu ya spidi yako. Hiyo ni hali mbaya kabisa, ateleze kwa mwendo mmoja laini mwanzo mpaka mwisho, na mashine za siku hizi zikiona vimwanga haviko kwenye mstari ulionyooka zinaandika kosa na kukataa kutoa namba. Basi refu likipigwa ubavuni ndo linaweza kuongezewa nyingi, mwali unateleza mita nyingi. Wewe 21 zote za juu ya 50? Hapana. Kuteleza hakukufikishi huko na Noah.

Na pembe je? Wengi wanasema afande alikuwa amekaa kichochoroni pembeni ndo maana ikakosea. Akiwa kasimama, pembe inakusaidia wewe. Akikupiga kwa pembe ya nyuzi 10, spidi ya 100 inasomeka 98 na nusu, nyuzi 20 inasomeka 94. Kadiri anavyojificha pembeni ndo anakupunguzia, mshukuru. Pembe inageuka adui pale rada iko ndani ya gari la polisi linalotembea, hapo mashine inapima na spidi ya gari lake yenyewe na ikiikosea kwa chini wewe unabandikwa tofauti.

Halafu zile CD watu wananing'iniza kwenye kioo eti zinachanganya tochi, jamani. Zitoeni, zinawamulika machoni nyie wenyewe.

Sasa twende kwenye sentensi yako. Umesema umeona kibao cha 50 "nikatoa mguu kwenye mafuta palepale", halafu ukasema "napita kwa trafiki mshale uko 50". Hukusema umekanyaga breki. Kaka, gari la otomatiki kwenye tambarare ukitoa mguu tu halisimami kama daladala, linaserereka. Chukua ulikuwa 80 unafika kwenye kibao, ukatoa mguu hapohapo, ili ifike 50 unahitaji kirahisi mita mia mbili mpaka mia tatu, ukiwa na mzigo na mteremko kidogo ni zaidi. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu, gari linaloserereka hivyo kutoka 80, mita mia moja baada ya kibao linakuwa kwenye, umekaa vizuri? 71 na ushee.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa, sikuwepo. Ila nakwambia wewe na mke wako mnakumbuka spidi mliyokuwa nayo mkimpita afande, maana ndipo mlipomuona na macho yakaenda kwenye mshale. Leza haikusubiri ufike. Ilikuchukua ukiwa mita mia tatu, mia nne nyuma, wewe hata sare nyeupe hujaiona. Kwa hiyo wote wawili mnasema kweli, wewe ulipita na 50 na yeye alikupiga 71, ni sekunde kama ishirini zimepita katikati. Ugomvi mwingi wa barabarani nauona ni wa hizo sekunde ishirini. Na mimi mwenyewe yamenikuta, nimebishana na trafiki mpaka jasho, nikafika nyumbani nikafungua kamera yangu ya kwenye kioo nikakuta nilikuwa 66, nikanyamaza na wala sijawahi kumwambia mtu mpaka leo naandika hapa.

Ndo maana kuna namba moja kwenye picha ya leza ambayo watu hawaiangalii kabisa, wote wanakodolea spidi. Angalia umbali. Picha za leza zenye kamera huwa zinaandika tarehe, saa, spidi, kikomo, na umbali kwa mita, pamoja na alama ya msalaba au kiduara kuonyesha mwali ulipogonga. Tuseme umbali umeandikwa mita 412 na afande amesimama mita 300 kutoka kwenye kibao, ina maana wakati unapigwa ulikuwa bado mita mia na zaidi kabla ya kibao, hujaingia kwenye 50, na 71 huko ni halali yako kabisa. Ikiandikwa 190, ulikuwa ndani, hiyo faini ni yako. Hii hoja haihitaji kumwita mtu mwizi wala kubishana na mashine, unaitumia mashine yake yeye kama shahidi wako, na ni kazi ya kutembea kwa miguu tu kuhesabu hatua kutoka aliposimama mpaka kwenye kibao.

Kwenye dashibodi yako napo tusimame kidogo. Magari mengi yanatengenezwa mshale uonyeshe zaidi ya uhalisia, kanuni ya kimataifa inakataza usionyeshe chini ya spidi halisi hata kidogo ila juu inaruhusu mpaka asilimia kumi na nyongeza ya kilomita 4. Kwa hiyo ukisoma 50 mara nyingi uko 46, 47, una akiba. Ila hiyo ni kwa tairi za kiwandani. Noah nyingi zinakuja na 195/65 rimu 15, Bongo tunaziinua, mtu anafunga 205/70 ili chini isigonge matuta. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 5 na kitu, kila mzunguko unaenda mbali zaidi na mshale haujui, kwa hiyo mshale ukisema 50 umeongeza karibu kilomita 3 juu ya ulivyokuwa, ile akiba karibu yote imeliwa. Haifikishi 71 lakini inakusogeza karibu kabisa na 50 halisi, na ukifika barabara ya kibao cha 80 na tairi hizo ndo utaona.

Hapo kwenye picha ya simu ndo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mashine ikishapima vizuri, safari ya ile namba mpaka kwenye risiti yako ndo inavuja. Aliyepima yuko kilomita mbili nyuma, anapiga picha skrini, anairusha kwa mwenzake, simu inaibana picha ili iende fasta, herufi za namba ya gari zinakuwa uji, D inakuwa O, na barabara hiyo Noah za silva ni kama kunguru. Mtu akishikwa kwa picha ya namna hiyo hatujui kama kashikwa yeye. Mambo matatu ya kuangalia: namba yote inasomeka, sio nusu? Saa iliyoandikwa kwenye picha inaingiliana na saa uliyosimamishwa? Kilomita mbili kwa spidi zenu ni dakika mbili hivi, picha ikiwa ya dakika kumi na tano nyuma hapo kuna gari lingine. Na ule msalaba uko juu ya gari lako au uko pembeni kwenye la jirani? Omba kwa adabu uione kwenye mashine yenyewe, "afande naomba nione mashine", hiyo sio jeuri. Na kosa usilolikubali hulazimiki kulilipia pale chini ya mwembe, unaweza kusema hulikubali na ukapelekwa mahakamani, ila najua una watoto kwenye gari na jua linazama na Singida bado mbali, ndo maana wengi wanalipa, sikulaumu.

Wanaosema dawa ni kamera za kudumu zisizo na afande, zina unafuu wake lakini zikikosea zinakosea kwa wengi bila aibu. Melbourne, Australia, mwaka 2003, kamera ya barabarani iliandika Datsun 120Y ya zamani ilikuwa kwenye 158. Hiyo gari ikaenda kupimwa, ikakandamizwa mpaka mwisho ikaishia 117. Kuchunguza wakakuta vihisio vya ile barabara vina matatizo, serikali ya jimbo ikaishia kutoa kama dola milioni 26 za kwao kurudisha faini na kulipa fidia. Baltimore, Marekani, mwaka 2012, gari lilitumiwa faini ya maili 38 kwa saa, kilomita 61, na kwenye picha zake mbili taa za breki zinawaka na gari halijasogea hata unywele, lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu! Gazeti la Baltimore Sun likachukua picha za faini zingine, kila picha ina saa yake, wakapima gari limesogea kiasi gani kati ya picha ya kwanza na ya pili wakagundua malori yanaandikiwa spidi yasiyokuwa nayo. Ukaguzi wa jiji ukakuta zaidi ya faini moja kati ya kumi ni mbovu, mradi ukasimamishwa. Ona kilichowaokoa watu kote kuwili, sio ubishi, ni kwamba kulikuwa na kitu cha pili cha kupimia, picha mbili zenye saa, au gari lenyewe. Uingereza wanachora vistari vyeupe barabarani mbele ya kamera za aina ya Gatso kwa kazi hiyohiyo, kamera inapiga mbili kwa nusu sekunde, unahesabu vistari. Na mchekesho ni kwamba huyo Maurice Gatsonides, Mholanzi, alikuwa dereva wa mashindano, alishinda Monte Carlo 1953, kifaa alikitengeneza ajipime yeye kwenye kona ili akimbie zaidi.

Ujerumani kabla ya kukuandikia wanakutolea kilomita 3 ukiwa chini ya 100, Ufaransa wanatoa 5 kwenye kamera za kudumu, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na kosa lake, hata mita ya fundi cherehani. Jirani zetu Rwanda kamera wamezipa jina kabisa, Sofia, ukisikia mtu wa Kigali anasema Sofia kamuona usidhani ni mambo ya mapenzi.

Umeuliza zinakaguliwaje. Rada inakaguliwa kwa chuma chenye meno mawili kama uma, unakigonga kwenye kisigino cha kiatu, kinalia ngiii, unakisogeza mbele ya mashine, na mtikisiko wake umekatwa uwe sawa na spidi fulani, ikiandikwa 80 kwenye mpini basi skrini itoe 80, kilomita moja juu au chini. Mara ya kwanza kuona nilidhani ni uchawi, chuma kimesimama mkononi mashine inasema 80. Leza inapimwa kwa umbali, unaweka shabaha kwenye mita ulizopima kwa tepu, isome zile zile, halafu unaizungusha taratibu kwenye nguzo ya umeme dhidi ya anga, sauti ibadilike pale tu msalaba unapogusa nguzo, isipofanya hivyo ina maana afande anaona Noah na mwali uko kwenye fuso. Hiyo ya nguzo ni dakika moja na inatakiwa ifanywe kila zamu. Kile cheti cha mwaka ni cha maabara, ni kizuri, ila mashine iliyoanguka jana kwenye lami cheti hakijui.

Kwa hiyo kaka fanya hivi. Risiti unayo, saa iko juu. Siku ukipita tena, simama pale kwenye kibao usalama ukiruhusu, pima mpaka pale trafiki aliposimama. Kama kwenye simu yako au ya mke wako ile safari ilihifadhiwa na ramani, itoe, angalia saa mlizopita hapo. Halafu nenda kachungulie ubavu wa tairi uniandikie hizo namba, na uniambie kwa ukweli kabisa, kabla ya kibao ulikuwa ngapi, maana hapo umeruka.